Ibada ya Mwislamu kwenye dodoso la afya ya akili

Bibi mmoja wa Kikwajuni, Unguja, alinipokea barazani kwake baada ya alasiri. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza nilichokijia, kisha nikamsomea swali la kwanza la sehemu ya dini kama lilivyochapwa kwenye dodoso: ni mara ngapi huhudhuria msikitini au kwenye mikutano mingine ya kidini? Akanitazama kidogo, akasema, "Mie siendi, mwanangu. Mwanamke sala yake ndani." Nikatia alama kwenye kisanduku cha mwanzo kabisa, kile cha "sihudhurii kabisa". Tasbihi ilikuwa pajani mwake, na nyuma ya mlango palikuwa na mswala uliokunjwa, umechakaa pale pale panapoangukia paji la uso. Karatasi yangu ilimsajili kuwa mtu ambaye dini ina nafasi ndogo sana maishani mwake.

Swali lile lilitoka mbali. Asili yake ni kipimo kifupi cha maswali 5 kilichotungwa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1997 na Harold Koenig na wenzake. Kwa kuwa ni kifupi na hakichoshi, kimetumika sehemu nyingi za dunia katika tafiti za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), hofu, ulevi na maradhi ya kudumu. Swali moja huuliza kuhusu kuhudhuria kanisani au mikutano mingine ya kidini. La pili huuliza kuhusu ibada za faragha kama vile sala, tafakuri au kusoma Biblia. Na matatu ya mwisho huuliza jinsi imani inavyoongoza maisha ya mtu. Kipimo hiki kinapoletwa kwa Waislamu, mara nyingi kinachofanyika ni kufuta "kanisa" na kuandika "msikiti", kufuta "Biblia" na kuandika "Kurani", na kazi ikahesabiwa imekwisha.

Nimetafsiri na kusimamia madodoso ya aina hii kwa miaka kadhaa, na ninaona wakati umefika wa kulisema jambo hili waziwazi. Swali la "mara ngapi", kama linavyoulizwa sasa, hupima kwanza hukumu za fikihi (sheria za ibada za Kiislamu), jinsia ya mjibuji, kalenda na haya zake, na ibada yenyewe huja mwisho, ikiwa itafikiwa. Sisemi kwamba dini haina uzito katika afya ya akili ya Mwislamu. Ninaamini ina uzito mkubwa, na ndiyo sababu inaniuma kuona inapimwa ovyo kiasi hiki.

Tuanze na hesabu yenyewe. Katika swali la ibada za faragha, jibu la juu kabisa ni "zaidi ya mara moja kwa siku", nalo hupewa alama 6. Mtu aliyezoea kuswali magharibi na isha tu, na ambaye mwenyewe anajua kwamba amezipoteza swala tatu za faradhi kila siku, atapata alama hizo 6. Jirani yake anayeswali tano zote kwa wakati, akaongeza sunna za kabla na baada, akaamka usiku kwa tahajudi, atapata 6 vilevile. Masafa yote yaliyo kati ya watu hawa wawili, ambayo wao wenyewe wanayahisi kila siku na pengine kuyalilia, yamebanwa ndani ya kisanduku kimoja. Ukibadilisha swali na kuuliza "unaswali mara ngapi kwa siku?", unaingia kwenye shimo jingine: Shia Ithnaashari hukusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, kwa hiyo atakujibu "mara tatu" akiwa ametimiza tano zake zote. Msafiri naye anaruhusiwa kukusanya na kupunguza. Dereva wa lori la masafa marefu anayekaa barabarani karibu wiki nzima ataonekana amelegea katika dini, kumbe amefuata ruhusa aliyopewa na dini hiyo hiyo.

Lugha yetu ingeweza kutusaidia hapa kama tungeisikiliza. Neno moja la Kiingereza, "prayer", hubeba vitu ambavyo Mswahili Mwislamu havichanganyi hata siku moja: swala, dua, uradi. Swala ina udhu, kibla, wakati, rakaa na mwisho wake. Dua haina udhu wala saa. Mtu huomba akiwa jikoni, akiwa kwenye daladala, akiwa kitandani usiku wa manane. Uradi, yaani dhikri za kurudiarudia, una hesabu yake na mara nyingi una silsila ya shehe na tarika. Unapomuuliza mtu "unasali mara ngapi?", Mkristo aliye jirani atafikiria Jumapili, Mwislamu wa Unguja atafikiria swala tano, na ukiongeza "sala ya faragha" atabaki anakuangalia, kwa sababu hajui kama unaulizia faradhi aliyoiswali chumbani au maombi aliyomnong'oneza Mola wake.

Tofauti hii ina uzito wa kiafya. Mtu anapozongwa na sonona, swala huwa ngumu, maana inadai kuinuka, maji, nguo safi, umakini na mpangilio wa saa, na hivyo ndivyo hasa sonona inavyovinyang'anya. Dua, kinyume chake, huweza kuzidi kwa sababu ya dhiki ile ile. Niliwahi kumhoji mama aliyefiwa na mtoto ambaye aliniambia kwamba hajaswali sawasawa kwa miezi, lakini "Ya Rabbi" haimtoki mdomoni kuanzia asubuhi. Ukijumlisha swala na dua katika alama moja iitwayo "ibada za faragha", kupungua kwa moja na kuongezeka kwa nyingine hufutana, na takwimu zitasema kwamba kwa mama huyu hakuna kilichobadilika. Ndivyo ilivyo pia kwa kusomewa, kombe na ruqya, yaani tiba za aya za Kurani: watu huviendea wakiwa tayari wameugua, kwa hiyo utafiti uliofanywa siku moja tu utakuta wanaosomewa sana ndio wagonjwa zaidi. Mwenye haraka atahitimisha kwamba kusomewa kunadhuru, na mwenye haraka mwingine atasema dini haisaidii kitu.

Kosa linalonikera kuliko yote linawahusu wanawake. Hedhi huondoa wajibu wa swala, na swala hizo hazilipwi kadha, ingawa funga ya Ramadhani hulipwa. Damu ya nifasi baada ya kujifungua ina hukumu hiyo hiyo: katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kawaida yake huhesabiwa siku 40 na ukomo wake siku 60. Sasa fikiria utafiti wa sonona baada ya uzazi. Mtafiti anakwenda kliniki ya watoto, anawakuta akina mama walio katika wiki za mwanzo, anawapa dodoso la sonona la Edinburgh lenye maswali 10 juu ya siku 7 zilizopita, halafu anawauliza wanaswali mara ngapi. Mama aliye ndani ya arubaini atasema haswali. Mama huyo huyo yuko katika kipindi ambacho usingizi umekatika, mwili unauma, na hatari ya sonona iko juu. Wenzake waliokwisha kutoka arubaini wameanza kuswali, na wengi wao pia wameanza kupata nafuu kwa sababu muda umepita. Kompyuta itatoa uhusiano mzuri kabisa kwamba wanaoswali wana sonona kidogo, na uhusiano huo utakuwa umezaliwa na kalenda ya uzazi. Ingetosha kumuuliza mama swali moja la heshima kabla ya yale mengine, kama kwa sasa ana udhuru wa kutoswali. Katika madodoso mengi niliyopewa kutafsiri swali hilo halikuwamo, na nilipolipendekeza niliwahi kujibiwa kwamba litaharibu ulinganisho na nchi nyingine.

Mambo ya Ijumaa ni hivyo hivyo. Swala ya Ijumaa si wajibu kwa mwanamke, msafiri, mgonjwa wala mtoto. Kupima ushikaji dini kwa kuhudhuria msikitini ni kupima wanaume wazima wenye afya na walio mjini mwao, kisha wengine wote kuhukumiwa kwa umbali wao kutoka kwa mtu huyo. Na mgonjwa wa akili ni mgonjwa: kutofika kwake msikitini kunaweza kuwa dalili ya maradhi, hivyo hatuwezi kukuchukua moja kwa moja kuwa ni upungufu wa dini uliosababisha maradhi hayo.

Linakuja suala la ukweli wa majibu. Mwaka 1993 Kirk Hadaway, Penny Marler na Mark Chaves walilinganisha idadi ya Wamarekani waliosema wanakwenda kanisani kila wiki na hesabu ya waliokuwamo makanisani, wakakuta waliohudhuria ni kama nusu ya waliodai. Watu hujipamba mbele ya mhoji, hilo linajulikana. Kwa Mwislamu, hata hivyo, kuna jambo la zaidi ambalo vitabu vya mbinu za utafiti havilitaji. Dini yake inamkataza kutangaza mema yake kwa kuogopa riya, yaani kujionyesha, na imemsifu anayetoa sadaka mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Dini hiyo hiyo inamkataza kufichua dhambi yake baada ya Mwenyezi Mungu kumsitiri; hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inasema umma wote utasamehewa isipokuwa wanaojitangazia maovu yao. Basi anayeamka usiku kuswali ana sababu ya kidini ya kulificha hilo, na asiyeswali kabisa ana sababu ya kidini ya kutokukiri. Wote wawili wanasukumwa kwenye jibu la katikati la "najitahidi, alhamdulillahi". Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na halina kisanduku.

Maswali ya imani nayo hayaokoi. Ukiuliza Zanzibar, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu, kama mtu anahisi uwepo wa Mwenyezi Mungu maishani mwake, au kama imani ndiyo msingi wa maisha yake, nani atakwambia hapana? Wote wanagonga dari ya kipimo, na kipimo ambacho watu wote wanapata alama moja hakiwezi kueleza kwa nini mmoja analala usiku na mwingine halali. Kuna watafiti waliochagua njia fupi zaidi: Ahmed Abdel-Khalek, aliyefanya kazi zake nyingi Kuwait na nchi nyingine za Kiarabu, alitumia swali moja tu la kujipima udini kuanzia 0 hadi 10, na akapata mara kwa mara kwamba wanaojipa alama kubwa hujipa pia alama kubwa za furaha. Ninaheshimu wingi wa kazi yake. Ila mwenye sonona hujishusha katika kila kitu anachoulizwa juu ya nafsi yake: uzuri wake, akili yake, uzazi wake na dini yake. Kumwambia ajipime udini huku ameinama chini ya mzigo wa kujilaumu ni kuipima sonona mara mbili kwa majina mawili.

Upande wa pili wa ulinganisho, yaani dodoso la ugonjwa wenyewe, nao una kasoro yake mbele ya ibada. Dodoso la sonona la maswali 9 linalotumiwa sana hospitalini na katika tafiti huulizia wiki 2 zilizopita, na miongoni mwa maswali yake kuna usingizi, uchovu na hamu ya kula. Lipeleke Mombasa au Pemba katikati ya Ramadhani, watu wamekesha kwa tarawehe, wameamka kula daku, wameshinda na njaa na kiu mpaka magharibi, na alama zitapanda pasipo na sonona yoyote. Wanaofunga kwa bidii ndio watakaopanda zaidi. Utafiti ule ule ukirudiwa Shawali utatoa picha tofauti. Hata hivyo ripoti nyingi huandika mwezi wa Kizungu wa kukusanya takwimu na kuuacha wa Kiislamu.

Tatizo linarudi nyuma zaidi ya Duke. Mwaka 1967 Gordon Allport na Michael Ross walichapisha mizani iliyogawa udini wa watu mafungu mawili: anayeiishi dini kwa ajili ya dini yenyewe, na anayeitumia kwa manufaa mengine. Fungu la pili lilihesabiwa kuwa duni, na miongoni mwa alama zake ilikuwa kukubali kwamba kikubwa ambacho dini humpa mtu ni faraja wakati wa huzuni na misiba. Mwislamu anayesoma katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 28, kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia, atashangaa kuambiwa kwamba kutafuta utulivu huo ni udini wa daraja la chini. Kwenda msikitini kwa ajili ya kukutana na watu nako kulitiwa katika fungu hilo hilo, ilhali kwetu kuswali kwa jamaa ni sehemu ya ibada, na kumuuliza jirani asiyeonekana safu ya alfajiri ni haki yake juu yako. Mgawanyo ule ulikuwa na maana katika mazingira ulimozaliwa. Kuuhamisha bila kuuhoji ni kumhukumu mtu kwa sheria za mchezo asioucheza.

Nilikutana Tanga na kijana ambaye kila swali la "mara ngapi" lingempa alama zote. Yuko msikitini nyakati zote tano. Nilimwona mwenyewe penye mabomba ya udhu: mikono ya kanzu imekunjwa hadi juu ya viwiko, anaosha mkono wa kulia, anafunga bomba, anauangalia mkono, anafungua tena. Iqama ikasomwa, watu wakaingia, imamu akarukuu, na yeye bado alikuwa kwenye kiwiko. Alikuwa akitawadha kwa muda wa karibu nusu saa, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepauka na kupasuka. Wazee wanaiita hali hii wasiwasi, na wanajua kwamba ni maradhi. Fikihi imeiwekea dawa tangu zamani, kwa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya minong'ono ya nafsi inayojirudia kama aina ya maradhi yenye tiba yake. Nchini Misri, Ahmed Okasha na wenzake walionyesha mwaka 1994 jinsi mawazo ya kidini na ya unajisi yalivyotawala kwa wagonjwa wao wa aina hii. Dodoso letu lingemwandika kijana huyu kuwa mcha Mungu wa mfano, na mateso yake yangeongezwa kwenye safu ya faida za dini. Tena neno lenyewe limetuponyoka: tunatafsiri maradhi ya hofu ya jumla kwa neno "wasiwasi", halafu tunamuuliza aliyelelewa madrasa kama amekuwa na "wasiwasi", naye anajibu kuhusu udhu wake.

Juhudi za kutoka humu zipo. Mwaka 2008 Hisham Abu-Raiya, Kenneth Pargament na wenzao walichapisha kipimo cha kisaikolojia cha udini wa Kiislamu, na nguvu yake kubwa ni kwamba kilianza kwa kuwasikiliza Waislamu wenyewe na kikaweka mahali pa mapambano ya kiroho: shaka na hisia ya kuadhibiwa. Mapambano hayo, ingawa walioyakiri hawakuwa wengi, yaliambatana na hali mbaya zaidi ya nafsi. Hapo ndipo ninapoona mwanga, maana mwenye kutaka kujua dini inafanya nini ndani ya nafsi lazima aulize pia inapouma. Kwa Kiswahili swali hilo lina mlango wake tayari. Watu wetu husema "ni mtihani" kwa kila balaa, na neno hilo linaweza kufunika mawili yasiyofanana kabisa: mtihani wa anayependwa na kuinuliwa daraja, na adhabu ya aliyekasirikiwa. Mhoji anayeuliza kwa upole "mtihani wa namna gani, mama?" atajifunza mengi kuliko maswali 5 ya Duke yote kwa pamoja.

Ninachopendekeza kwa kazi za kwetu ni kuacha kumpima mtu kwa kumlinganisha na jirani yake, na kumlinganisha na ada yake mwenyewe, ndani ya muda ule ule unaoulizwa na dodoso la ugonjwa. Kama dodoso la sonona linahusu wiki 2, swali la ibada nalo lihusu wiki 2: swala zako zimekuwa kama ulivyozoea, zimepungua, au zimezidi? Swali la udhuru litangulie. Swala, dua na uradi viulizwe mbalimbali na visijumlishwe. Mwanamke ahojiwe na mwanamke, faraghani, mbali na mkwe. Maulidi na hitima visitumiwe kuwa kipimo, kwa sababu anayeyaona maulidi kuwa bidaa (uzushi katika dini) atapata sifuri kwa sababu ya msimamo wake wa kielimu, na msimamo wake hauhusiani na usingizi wake. Njia hii itaupunguza ulinganisho na Kuwait au Marekani, na mimi niko tayari kulipa gharama hiyo, kwa kuwa ulinganisho wa namba zisizomaanisha kitu kimoja hauna faida kwa mgonjwa wa Pemba wala kwa daktari wake.

Tuliwahi kulijaribu swali la namna hiyo katika mahojiano machache, kabla ya dodoso kupitishwa kama lilivyokuwa. Nilimuuliza fundi seremala mmoja, mtu mzima, alfajiri yake ikoje siku hizi ukilinganisha na zamani. Alikaa kimya, akafuta vumbi la mbao kwenye goti lake, kisha akasema: "Zamani adhana ilinikuta nimelala, nikaamka. Sasa inanikuta macho tangu saa nane, na siinuki." Niliandika maneno yake pembezoni mwa karatasi, kwa sababu kwenye orodha ya majibu hapakuwa na mahali pa kuyaweka, halafu nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia habari hiyo. Akasema mimi ndiye wa kwanza kumuuliza.